Hela ya watoto wa mwanzo itoke kwanza

Mama wa watoto wawili wa mume wangu ameolewa tena, yuko Sengerema. Habari ilipofika huku kwetu Igombe, mashemeji walikuja jioni na hesabu yao tayari: huyo mama kapata wa kumlisha, basi na hela ya watoto ikome. Wifi akaongeza kwamba mimi nanyonyesha, nifikiriwe.

Nilikataa, na bado nakataa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mtalaka akiingia ndoa nyingine, haki yake ya kutunzwa na mwenzake wa zamani inakoma. Hiyo ni haki ya mtu mzima. Ya mtoto iko kifungu cha 129: baba anawajibika kumpa mwanawe chakula, mavazi, malazi na elimu kwa kadiri ya uwezo wake, hata kama mtoto anaishi kwa mtu mwingine. Yule baba wa kambo anawalisha watoto wale na kuwalaza vizuri, Mungu ambariki. Lakini wema wake haumwondolei wajibu aliyewazaa.

Na kichanga changu je? Kinahesabiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama itazame kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea mlipaji, na gharama za maisha pale mtoto anapokaa. Kwa hiyo kiasi kinaweza kupungua. Ila amri ikishatolewa, anayeibadilisha ni mahakama, si kikao cha mashemeji kwenye mkeka wangu. Mimi pia naweza kuachika, jamani. Nisingependa mwanangu aambiwe akale kwa baba mwingine.

Kilichotusumbua kweli ni dagaa. Makubaliano yaliandikwa kwa mwezi, na mvuvi wa dagaa hapokei kwa mwezi. Kukiwa na giza, taa zinawashwa ziwani, dagaa wanafuata mwanga, mgao unapatikana. Mbalamwezi ikishamiri, mitumbwi inapumzika mchangani. Ukimdai mtu wakati huo unamdai asichonacho, kisha mnaanza kuitana waongo. Tulikwenda ustawi wa jamii, yeye mama akavuka kwa kivuko cha Kamanga, tukaomba waandike upya: hela itumwe kwa simu mume wangu akipokea tu mgao wa giza, kabla haijagusa matumizi ya nyumba yangu. Afisa alituelewa haraka. Sare na madaftari vikawekwa pembeni, baba anunue mwenyewe kila Januari, kwa sababu elimu bila ada haimvishi mtoto.

Sasa mkubwa anamaliza darasa la saba. Akipangiwa shule ya bweni kuna godoro, sanduku na nauli, na karatasi yetu haikutaja hayo. Mama yake ameshanipigia, tumekubaliana turudi ofisini kabla matokeo hayajatoka.