Jinsi nilivyofungua akaunti ya benki Ujerumani bila hati ya makazi

Nilipofika Leipzig kwa viza ya utafiti ya mwaka mmoja, karani wa benki ya kwanza niliyoingia aliigeuzageuza pasipoti yangu ya Tanzania, akaitazama viza, kisha akanirudishia akisema kwamba bila hati ya usajili wa makazi hakuna akaunti. Hati hiyo haipatikani bila barua ya mwenye nyumba, na aliyenipangisha chumba alikataa kuiandika, ingawa sheria inamlazimu.

Kilichonitoa kwenye mkwamo huo ni sheria ya mwaka 2016, inayompa kila mtu anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya, hata asiye na makazi ya kudumu, haki ya kupewa akaunti ya msingi, iitwayo Basiskonto. Nilijaza fomu yake maalumu, nikaipeleka katika benki nyingine, na nikaomba nakala yangu igongwe muhuri wenye tarehe, kwa sababu benki hupewa siku 10 za kazi kujibu, na ikikataa hulazimika kutoa sababu kwa maandishi, ambazo mwombaji anaweza kuzipeleka BaFin, mamlaka inayosimamia mabenki.

Jibu la kukubaliwa lilikuja siku ya nane. Kadi na namba ya siri hutumwa kwa bahasha mbili tofauti, na tarishi wa huko hufuata jina lililo kwenye sanduku la barua, kwa hiyo nilikuwa nimebandika langu, kwa karatasi na gundi, chini ya jina la rafiki aliyeniazima anwani.