Fungate Disneyland Paris Ukitokea Dodoma: Tulivyoipanga

Fungate yetu tuliipanga kwa kurudi nyuma: kwanza siku za kulala hotelini, kisha viza, kisha ndege, na tarehe ya harusi ikatafutiwa nafasi ndani ya kalenda hiyo. Kamati nyingi za harusi huenda kinyume chake. Ukumbi unalipiwa, sare zinashonwa, MC anapatikana, halafu wiki mbili kabla ya siku yenyewe ndipo mtu anauliza, "Fungate wapi?" Kwa Zanzibar au Mikumi bado inawezekana. Kwa Ulaya haiwezekani, maana viza peke yake inaweza kuchukua hadi siku 45.

Wazo la kwanza lilikuwa Walt Disney World ya Orlando, Florida, yenye bustani nne za michezo na hoteli zaidi ya 20. Tuliliweka kando mapema. Mwaka 2025 Marekani iliiingiza Tanzania kwenye mpango wa dhamana ya viza, ambapo mwombaji wa viza ya utalii anaweza kutakiwa kuweka dola 5,000, 10,000 au 15,000 mpaka atakaporudi kwao, na masharti yakazidi kukazwa baada ya hapo. Isitoshe, Orlando ni ya wiki nzima, wakati Disneyland Paris unaimaliza kwa siku tatu au nne na treni inakushusha mlangoni. Halafu ile hoteli ya Orlando inayosifiwa kwa wanandoa ni ile yenye vyumba vya kutazama twiga na pundamilia. Mtu wa Dodoma, Tarangire ikiwa upande mmoja na Ruaha upande mwingine, alipie hilo Florida? Hapana.

Disneyland Paris ilifunguliwa 12 Aprili 1992 huko Marne-la-Vallée, kilomita 32 hivi mashariki mwa jiji la Paris. Ina bustani mbili zinazopakana: Disneyland Park yenye lile kasri, na ya pili iliyofunguliwa 2002, ambayo sasa imepewa jina jipya la Disney Adventure World. Kutoka lango la moja hadi la nyingine ni dakika chache kwa miguu.

Tarehe ndiyo inayoamua gharama kuliko kitu kingine chochote. Chumba kilekile, tiketi zilezile, bei inapanda na kushuka kwa siku. Ufaransa imegawanywa katika kanda tatu za likizo za shule, A, B na C, na likizo ya Februari inapishana kati ya kanda hizo, kwa hiyo kuanzia wiki ya kwanza au ya pili ya Februari hadi mwanzo wa Machi karibu kila wiki kuna watoto wa kanda fulani nje. Epuka pia likizo ya mwisho wa Oktoba, Krismasi, Pasaka na majira yote ya Julai na Agosti. Nafuu ipo katikati ya Januari hadi mwanzo wa Februari, Jumatatu hadi Alhamisi. Kwa harusi za Desemba, ambazo kwetu ni nyingi, Januari inaangukia vizuri sana.

Januari ina gharama zake. Joto la Paris wakati huo hukaa kati ya nyuzi 2 na 7. Baridi ya Dodoma ya Juni, ya nyuzi 13 usiku, si kipimo. Tuliandaa makoti mazito, soksi za sufu, glavu na viatu visivyopitisha maji, na vingi vya hivyo vinapatikana kwenye mitumba kwa bei ya kawaida ukianza kutafuta mapema. Pia baadhi ya michezo hufungwa kwa matengenezo wakati huo, kwa sababu ndio msimu wa watu wachache. Orodha ya kufungwa hutolewa kwenye tovuti yao. Isome kabla ya kulipa, kwani kama mchezo uliokuvuta upo kwenye orodha, hurudishiwi kitu. Faida ambayo watu hawaifikirii ni giza. Juni jua la Paris linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo onyesho la taa na fataki mbele ya kasri linaanza mkiwa mmechoka hoi. Januari mnaliona mapema na kurudi kulala.

Sasa viza. Ni viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na maombi yanapelekwa kwa serikali ya Ufaransa kwa sababu ndiko siku nyingi za safari zinakotumika, hata kama ndege inatua kwanza Amsterdam. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ikikataliwa hairudi. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala chini ya siku 15. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Picha ni za milimita 35 kwa 45. Fomu inajazwa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya Ufaransa ya viza, lakini alama za vidole zinachukuliwa Dar es Salaam, kila mtu kwa vidole vyake, kwa hiyo wote wawili mnasafiri. Kwa treni ya mwendokasi, nauli ya kawaida Dodoma hadi Dar ni shilingi 31,000 kwa mtu. Weka miadi ya mchana. Miadi ya asubuhi inakulazimisha kulala Dar.

Asiye na pasipoti aanze Uhamiaji. Ada ni shilingi 150,000 na namba ya NIDA lazima iwepo. Hapa kuna jambo la bibi harusi: kama pasipoti yake ina jina la kwao, iachwe hivyohivyo hadi fungate iishe. Jina kwenye pasipoti, tiketi ya ndege, bima na hoteli lazima lifanane herufi kwa herufi. Cheti cha ndoa kinatosha kuonyesha kwamba ni mume na mke, na kama kimeandikwa kwa Kiswahili pekee, kipelekwe na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa iliyothibitishwa.

Taarifa ya benki ndiyo inayoangusha wengi, na inaangusha maharusi kuliko watu wengine. Ofisa anatazama miamala ya miezi mitatu ya karibuni ili aone mshahara unaingia, matumizi ya kawaida yanatoka, na akiba inakua. Sasa fikiria akaunti ya bwana harusi iliyokuwa inapokea michango: laki mbili za mjomba, elfu hamsini za ofisini, milioni moja ya kikao cha mwisho, kisha yote inatoka kwa siku tatu kwenda kwa mpishi na mpambaji. Kwa macho ya mtu asiyejua harusi zetu, hiyo ni fedha isiyojulikana ilikotoka. Kwa hiyo michango iende kwa mweka hazina wa kamati, kwenye akaunti au namba ya simu ya shughuli, na akaunti binafsi ibaki na mshahara na akiba tu. Fedha ya fungate tuliianza kuiweka kidogokidogo miezi mingi kabla. Kama familia inawazawadia safari, basi iandikwe barua ya udhamini yenye nakala ya kitambulisho na taarifa ya benki ya huyo anayetoa. Kuingiza milioni tano wiki moja kabla ya maombi kunaharibu zaidi ya kusaidia.

Vingine ni vyepesi: barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na tarehe za likizo, mwenye biashara apeleke leseni, TIN na usajili. Mtumishi wa umma, na hapa Dodoma ndio wengi wetu, aombe ruhusa ya kutoka nje ya nchi pamoja na likizo yenyewe, mapema. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau yuro 30,000 kwa nchi zote za Schengen. Angalia tarehe zake: ianze siku mnayogusa ardhi ya Schengen, si siku ya kuingia hotelini. Tiketi ya ndege usiilipe kabla ya viza. Nafasi iliyoshikiliwa inatosha. Hoteli nayo ichukuliwe kwa masharti ya kufuta na kurudishiwa.

Kwenye hoteli, usianze na ile ya kwenye picha za matangazo. Disneyland Hotel, iliyofunguliwa tena Januari 2024 baada ya matengenezo, ipo juu ya lango la bustani na bei yake huzidi yuro 600 kwa usiku. Chini yake zipo Hotel New York, Newport Bay Club, Sequoia Lodge, kisha Cheyenne na Santa Fe ambazo ndizo za bei ya chini. Hizi zote unafika kwenye malango kwa miguu, dakika 10 hadi 20, au kwa basi la bure. Davy Crockett Ranch inahitaji gari, iacheni.

Kwa fungate kuna swali moja la kuuliza kabla ya bei: kitanda. Hoteli hizi zimejengwa kwa familia, na vyumba vingi vina vitanda viwili. Newport Bay na Sequoia zina vyumba vya kitanda kimoja kikubwa. Omba wakati wa kulipia, kisha kumbusha kwa maandishi kabla ya kufika. Bado ni ombi tu. Sequoia, kwa maoni yangu, ndiyo inayofaa wawili: tulivu, katikati ya misonobari, na si ghali kama za mbele.

Kifurushi cha hoteli zao kinajumlisha tiketi za bustani kwa siku zote za kukaa, pamoja na siku ya kufika na ya kuondoka. Kwa hiyo kulala siku tatu kunakupa siku nne za michezo. Chumba kinatolewa saa tisa alasiri na kurudishwa saa tano asubuhi, lakini mizigo inahifadhiwa bure, unaweza kuingia bustanini tangu asubuhi. Kodi ya utalii ya mji hulipwa pembeni. Ukilinganisha na hoteli za Val d'Europe, kituo kimoja cha treni kabla ya Disneyland, piga hesabu ukiongeza tiketi za kila siku. Mara nyingi tofauti inabaki ndogo kuliko ilivyoonekana.

Malipo yamalizwe mkiwa Tanzania. Kadi ya benki ifunguliwe kwa manunuzi ya mtandaoni na ya nje ya nchi, na kiwango cha kutumia kwa siku kipandishwe kwa maombi tawini. Muamala mkubwa huombewa namba ya uthibitisho inayotumwa kwa meseji, na laini yako ikiwa haipokei meseji ukiwa nje, malipo yanagoma. Kwa hesabu ya haraka tulichukulia yuro moja ni shilingi 3,000.

Ukitua uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle usiende Paris kwanza. Kituo cha treni ya kasi, TGV, kipo jengo la 2, na safari hadi Marne-la-Vallée Chessy ni dakika 10 hivi. Ndege ikikushusha jengo la 1, kuna treni ndogo ya bure ya CDGVAL. Treni za njia hiyo si nyingi kwa siku, na tiketi ina saa yake, kwa hiyo acha angalau saa mbili na nusu kati ya kutua na treni. Foleni ya uhamiaji haitabiriki. Siku ya kutembelea Paris yenyewe, treni ya abiria ya RER A inafika katikati ya jiji kwa dakika 40 na nauli haifiki yuro 3.

Ndani ya bustani, saa ya thamani ni ya kwanza. Wageni wa hoteli zao huingia saa 2:30 asubuhi, wengine saa 3:30, na michezo inayofunguliwa mapema imeorodheshwa kwenye programu yao ya simu. Saa hiyo nenda Peter Pan's Flight, ambayo hubeba watu wachache kwa zamu na foleni yake haipungui mchana. Saa 3:30 vuka kwenda bustani ya pili, Crush's Coaster, kwa sababu hiyohiyo. Big Thunder Mountain na Pirates of the Caribbean vinameza watu wengi, vinaweza kusubiri jioni. Foleni ya mtu mmoja mmoja ipo kwenye baadhi ya michezo na inakwenda haraka, ila itawatenganisha, na bibi harusi hakuvuka bahari akakae na mgeni. Njia ya kulipia ya Premier Access inauzwa kwa mchezo na kwa mtu, bei ikitegemea siku. Tuliiweka kwenye bajeti kwa mchezo mmoja tu. Mjamzito azuiwe kwenye michezo yote ya vitreni vya kasi (roller coaster), na wengine wanajua wazi kwa nini ninaliandika hili.

Chakula ni ghali bila sababu ya maana: yuro 15 hadi 20 kwa sahani ya kaunta. Upo mgahawa unaoitwa Hakuna Matata, msiingie mkitegemea wali maharage. Maji ya bomba ni salama, bebeni chupa. Duka kubwa la Val d'Europe linauza mikate, matunda na mtindi vya kifungua kinywa. Beji za maharusi huombwa bure City Hall, ofisi ya wageni ndani ya Disneyland Park, kulia na kushoto watu watawapongeza siku nzima.

Chaja za pini tatu haziingii ukutani Ufaransa, bebeni adapta. Na treni ya kurudi Dodoma ikatieni ya kesho yake. Ndege ikichelewa Addis au Doha, tiketi ya treni ya siku ileile inakuwa imekufa.