Siku Nne Chini ya Reli ya Namba 7

Treni namba 7 ya jiji la New York ikitoka Manhattan hupita chini ya mto, kisha huibuka upande wa Queens na kupanda juu ya nguzo za chuma. Sehemu kubwa ya safari yake huko juu inafuata Roosevelt Avenue, na kwa chini watu wanauza, wananunua na kula huku kelele za reli zikiwapita vichwani. Nilishuka kituo cha 74th Street, Jackson Heights, Jumatano jioni mwezi wa Oktoba, nikiwa na njaa ya siku nzima angani.

Binamu yangu anaishi Woodside, jirani tu na hapo, lakini ni muuguzi na wiki hiyo alikuwa zamu za usiku. Aliniachia ufunguo na neno moja: "Dada, chakula hapa hakikosekani. Kazi ni kuchagua." Mkutano ulionileta ulikuwa wa asubuhi tu, kwa hiyo mchana na jioni nilikuwa huru. Nilijiwekea dola 15 kwa mlo mmoja.

Hiyo hesabu ilivunjika usiku ule ule. Niliingia mgahawa uliokuwa unawaka taa kuliko majirani zake wote, kijana amesimama mlangoni anagawa karatasi za menyu. Ndani, menyu ilikuwa na kurasa nyingi: vyakula vya Kihindi, vya Kichina, na pitsa juu yake. Wali ulikuwa wa baridi katikati, mchuzi mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Dirishani kulikuwa na herufi A kubwa ya bluu, nami niliichukua kama sifa ya mpishi. Kumbe herufi hizo, ambazo idara ya afya ya jiji inazitoa tangu mwaka 2010, zinapima usafi: joto la friji, panya, jinsi chakula kinavyohifadhiwa. Mgahawa ukipata pointi za makosa kuanzia 0 hadi 13 unapewa A. Ni jambo zuri kulijua, ila ladha haimo.

Na bei ya kwenye menyu siyo utakayolipa. Kuna kodi ya mauzo, asilimia 8.875, na pale unapohudumiwa mezani kuna bakshishi ambayo wenyeji huihesabu asilimia 18 hadi 20. Sahani ya dola 16 inakutoka kwa zaidi ya dola 20. Mhudumu anaitegemea bakshishi hiyo kama mshahara, kwa hiyo sikuona sababu ya kumbania. Nilichoamua ni kutafuta sehemu ambazo mtu anachukua sahani yake mwenyewe.

Alhamisi saa saba mchana nilipita 73rd Street, mtaa wa Wabangladeshi. Teksi zilikuwa zimeegeshwa pembeni, madereva wengine wakinyoosha migongo. Nikamsogelea mmoja, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe. Sikumuuliza wapi kuna chakula kizuri. Nilimuuliza, "Samahani ndugu yangu, wewe mwenyewe unakula wapi?"

Alinitazama kidogo, akafunga gari, akasema, "Njoo, dada."

Mgahawa wenyewe nilikuwa nimeupita mara mbili bila kuuona. Hakuna mhudumu. Kuna kabati refu la kioo lenye vyakula vya moto, unanyoosha kidole, unapakuliwa. Sinki la kunawa liko ukumbini, mbele ya macho ya wote, maana watu wanakula kwa mikono. Nilichukua wali, kipande cha ilish, samaki ambaye Wabengali wanamheshimu kuliko wote ingawa miba yake inataka subira, na bhorta ya viazi, vilivyopondwa kwa mafuta ya haradali na pilipili iliyokaangwa. Haradali ile inapanda puani kwanza, kisha inatulia. Nililipa dola 12.

Tulikaa meza moja. Aliniambia zamu ya teksi inaweza kuchukua muda wa saa kumi na mbili, na dereva akila chakula kibovu siku nzima imeharibika, kwa hiyo sehemu inayowaumiza matumbo husemwa siku hiyo hiyo. Akanipa na la pili: vyakula vya kabatini vina saa zake. Mchana, foleni ikiwa ndefu, masufuria yanabadilishwa kila mara. Saa kumi jioni ni mabaki yale yale yanayopashwa moto.

Tangu hapo sikuuliza swali jingine ila hilo. Ijumaa nilimuuliza mama wa Kinepali aliyekuwa ananiuzia soksi, naye akanielekeza kwenye duka la simu. Nilidhani hatujaelewana. Lakini ukipita makava ya simu na kadi za laini, kuna ujia mwembamba, na mwisho wake chumba chenye meza chache na picha ya Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, ukutani. Momo nane za nyama ya ng'ombe, dola 9. Ni vifuko vya unga vilivyopikwa kwa mvuke. Unatoboa kwa jino tundu dogo, unafyonza supu kwanza, ndipo unachovya kwenye sepen, pilipili nyekundu ya Kitibeti. Nilikula kimya, na jioni nikarudi tena.

Jumamosi nilitembea kuelekea mashariki. Kutoka 74th hadi 82nd Street ni mwendo mfupi, lakini mabango yanageuka yote kuwa Kihispania, na harufu ya viungo inaachia nafasi mahindi: arepa za Wakolombia, mikate ya unga wa mahindi, zikigeuzwa juu ya chuma cha moto, jibini likichuruzika. Chini ya reli kuna akina mama wanaouza tamale, unga wa mahindi uliofungwa na kupikwa kwa mvuke, tangu alfajiri. Nenda na pesa taslimu.

Naamini najua kwa nini chakula hapa ni kizuri bila kuwa ghali. Reli ilifika mwaka 1917, kampuni moja ikajenga majumba yenye bustani katikati kwa ajili ya watu wa kipato cha kati, na baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 kufuta mgawo wa nafasi kwa kufuata taifa la mtu, watu walianza kuja kutoka kila upande. Mpishi wa 73rd Street anawapikia jirani zake. Wanaijua ladha tangu kwa mama zao, na dola zao wanazihesabu. Hawezi kuwadanganya.

Jumapili binamu yangu alikuwa mapumzikoni, nikampeleka duka la simu. Ameishi karibu na pale miaka sita. "Dada, kumbe huku ndani kuna watu!" Wakati wa kulipa akamgeukia kijana wa kaunta na kumuuliza yeye hula wapi siku yake ya mapumziko. Kijana akacheka, akaandika nyuma ya risiti jina la mgahawa wa Wafilipino ulioko Woodside, mitaa miwili tu kutoka kwa binamu yangu.

Basi la Q70 la kwenda uwanja wa LaGuardia linaondokea pale pale kituoni, na ndege yangu ilikuwa ya jioni. Tulikuwa na muda. Tukaenda.