Sweta la Baba Mdogo na mengine yaliyomo kapuni

Nianze na swali ninaloulizwa kila nikitoa sindano mbele za watu: ndiyo, naishi Dar es Salaam, na ndiyo, nafuma masweta. Hata mwezi wa pili, feni imefunguliwa mpaka mwisho na bado jasho linachuruzika mgongoni. Kazini wameshazoea, ila mgeni akiingia lazima aulize kama niko salama. Niko salama. Kwetu ni Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ikifika mwezi wa sita huko hakuna anayecheka sweta. Nina baba wadogo, mashangazi na wajomba wa kunifumisha mpaka nistaafu.

Kapuni kwa sasa kuna sweta la Baba Mdogo, sweta la mtoto wa dada linaloongezwa urefu, na seti ya mtoto mchanga ambayo nitaieleza nikishapoa hasira.

Sweta la Baba Mdogo ni la kijani cha chupa, sufu tupu, na uzi wake sikuununua dukani. Ukienda Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji, nyuzi za kufumia zimejaa rangi zote, lakini karibu zote ni akriliki, uzi wa kutengenezwa kiwandani, si manyoya ya kondoo. Siitukani akriliki. Ni rahisi, inafulika, na kwa kofia ya mtoto wa Dar inatosha. Kasoro yake ni kwamba ikilowa haina msaada, na Njombe asubuhi ukungu unakulowesha kabla hujafika barabarani. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inakupa joto. Na sufu mpya ya maana hapa mjini ni ya kutafuta kwa tochi. Wenzetu wa Kenya wana nafuu. Pale Nanyuki kuna ushirika wa kina mama wanaosokota sufu kwa mkono na kuipaka rangi wenyewe. Mimi nimebaki na soko la Karume.

Karume naenda kwenye meza za masweta ya mtumba, zile ambazo watu wa Dar wanazipita bila kuzitazama. Wauzaji wananifahamu kwa jina la "dada wa matobo", kwa sababu nanunua hata lililotoboka.

"Dada, hilo la kiume, halafu kiwiko kimekwisha."

"Ndilo ninalolitaka. Punguza bei basi."

Anapunguza, tena kwa huruma.

Cha kwanza naligeuza ndani nje na kutazama mshono wa ubavuni. Hapo ndipo penye siri yote. Ukiona ukingo umekatwa kwa mkasi ukapigwa ovaloki, lirudishe mezani hata kama rangi imekutoa roho, maana uzi umekatwa kila mwisho wa mstari, na ukilifumua utapata vipande vya urefu wa mkono mmoja visivyo na kazi. Unalolitaka ni lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kisha vikaunganishwa kwa uzi mmoja wenye vitanzi vitanzi. Ukiukata uzi huo mahali pazuri na kuvuta, mshono mzima unaachia. Cha pili ni lebo. Kama imeng'olewa, chomoa nyuzinyuzi kidogo uziwashe kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kubaki jivu linalosagika ukilibana kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Cha tatu, litazame usoni: kama vitanzi havionekani, limeshikana na kuwa zito, limeshafuliwa kwa maji ya moto huko lilikotoka. Halifumuki hilo.

Kufumua huanzia juu, pale fundi alipomalizia. Siku ya kufumua sweta la kijani nilikaa barazani, viti viwili nimevigeuzia migongo, uzi nauzungusha kutoka mgongo wa kiti hiki kwenda wa kile. Uzi uliokaa miaka ndani ya sweta hutoka umejikunja kama tambi za pakti, na ukiufuma hivyo hivyo utapata sweta lenye vipele. Kwa hiyo nafunga mkungu wote wa uzi sehemu nne kwa uzi wa rangi nyingine ili usitatane, nauloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo bila kuusugua, naukamua kwa taulo, halafu nautundika kambani na chupa ndogo ya maji chini yake. Ukikauka umenyooka. Jirani yangu wa ghorofa ya juu aliuliza kama nimeanza biashara ya nywele za bandia.

Masweta ya mashine yana uzi mwembamba, kwa hiyo huu nafuma nyuzi mbili kwa pamoja. Tatizo lake lilikuwa nondo, yule mdudu anayekula sufu. Mahali nondo amepita huwezi kupaona mpaka uzi ukukatikie mkononi, na uzi huu ulikuwa unakatika kila baada ya muda. Mafundo yangejaa mgongoni kwa mzee wa watu. Dawa yake ni mate. Msinicheke. Unachukua ncha mbili zilizokatika, unazisokotoa kila moja kiasi cha urefu wa kidole mpaka nyuzinyuzi ziachane, unazilaza moja juu ya nyingine, unazilowesha, kisha unazisugua kati ya viganja kwa nguvu mpaka usikie joto. Unyweleo wa sufu una magamba madogo, na kwa maji, joto na msuguano magamba yanakamatana. Ukifungua viganja unakuta uzi mmoja, hauna fundo, na ukiuvuta hauachii. Maji ya bomba yanafaa vilevile, ila mkono ukiwa kazini mate ndiyo yaliyo karibu. Akriliki haikubali, usijisumbue.

Baada ya hapo vikaja vipimo. Mama Mdogo alimpima mumewe kwa kamba ya katani, akapiga fundo, akanitumia kamba kwa kondakta wa basi. Kilomita karibu 700, kamba imefungwa ndani ya mfuko wa parachichi. Nikaipima: kifua sentimita 124. Baba Mdogo ni mtu mwembamba tangu nimjue. Nikapiga simu.

"Kamwene, Mama. Hivi Baba amenenepa?"

"Anenepe na nini? Nilimpima juu ya koti. Amekataa kuvua, anasema baridi."

Alipimwa upya, safari hii ndani ya nyumba karibu na moto, juu ya shati. Sentimita 96. Nikaweka 100 ili apumue.

Hapa kuna hesabu ambayo wanaoanza huiruka, halafu wanalia. Kabla ya kuanza sweta nafuma kipande cha mraba, nakifua, nakikausha, ndipo nahesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10. Changu kilitoa vitanzi 22. Kifua cha sentimita 100 kwa hiyo ni vitanzi 220. Mkono wangu ungelegea kidogo tu nikapata vitanzi 20 badala ya 22, vitanzi hivyohivyo 220 vingetoa sweta la sentimita 110. Yaani koti la Baba Mdogo lingeingia humo pamoja naye. Yaliyobaki nayakadiria kwa njia ya Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyeishi Wisconsin, Marekani, ambaye aliwafundisha watu kupiga kila kipimo kwa asilimia ya kifua: kifundo cha mkono asilimia 20, shingo asilimia 40. Kwangu ni vitanzi 44 na 88. Ukishaijua namba moja ya kifua huna haja ya kununua patani, yale maelekezo ya kufuma yaliyoandikwa.

Patani zenyewe zina mtego wake. Sindano zangu za chuma nilirithi kwa mama, zimeandikwa namba za Kiingereza za zamani, ambazo namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Za Kimarekani ni kinyume. Namba 8 ya mama ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Patani nyingi za mtandaoni ni za Marekani, na kuna rafiki yangu wa Mbeya aliyefuma kofia ya mumewe kwa kufuata namba bila kutazama milimita. Kofia ikamtosha mtoto wao wa darasa la pili. Nimenunua kibao cha plastiki chenye matundu cha kupimia sindano, na sasa siamini namba yoyote iliyoandikwa kichwani mwa sindano. Mama mwenyewe alijifunza kwa spoki za baiskeli, zilizonolewa ncha kwenye jiwe. Spoki ya kawaida ni milimita 2, ndiyo maana masweta ya zama zile yalikuwa magumu kiasi cha kusimama yenyewe.

Chuma na joto la pwani haviivani lakini. Jasho la viganja linakwamisha uzi, na sindano zikikaa wiki bila kuguswa zinaota kutu inayotia madoa kwenye uzi mweupe. Nazisugua kwa msasa laini kabisa, nazipaka mshumaa, nazifuta kwa kitambaa kikavu mpaka ziteleze. Kuna wanaosema poda ya mtoto. Poda inageuka uji.

Sweta la mtoto wa dada ni kazi ndogo lakini ndiyo ninayoipenda zaidi. Mtoto amerefuka, upana bado unamtosha, tumbo liko nje. Watu hudhani unafumua tu kuanzia chini na kuendelea. Haiwezekani: ukianzia pale lilipoanzia kufumwa, uzi unanasa kila kitanzi na utaukata kwa hasira. Unachofanya ni kuchagua mstari mmoja juu kidogo ya ule ukingo wa mbili mbele mbili nyuma, unakata kitanzi kimoja tu, unauchomoa uzi wa mstari huo taratibu kitanzi kwa kitanzi. Sweta linagawanyika vipande viwili. Vitanzi vya juu vinabaki wazi vyote, unavipandisha kwenye sindano ya mviringo na kufuma kuelekea chini. Wakati wa kukata ule uzi wa kwanza dada alikuwa amekaa pembeni, akatoka nje kabisa.

Uzi wa bluu ule ule sikuupata. Dukani waliniapia kuwa ni rangi ileile, na kwenye taa ya duka ilikuwa ileile kweli. Nje kwenye jua ni bluu nyingine. Kila mpiko wa rangi kiwandani hutoka tofauti kidogo, na lebo ya bunda huwa na namba ya mpiko. Namba zikiwa mbalimbali, usibishane na jicho lako. Nimeingiza mistari mitatu ya nyeupe pale panapokutana bluu mbili. Ukiweka nyeupe katikati jicho halilinganishi tena. Mtoto anasema ni jezi.

Haya, seti. Sweta, kofia na soksi za mtoto wa mfanyakazi mwenzangu, akriliki ya krimu, yenye vishimo vya majani kuanzia kifuani hadi chini. Alizipokea kwa vigelegele. Kabla ya kumvisha mtoto, mtu mmoja nyumbani kwake, kwa nia njema kabisa, akaipiga sweta pasi ya moto. Akriliki ni plastiki. Pasi inayeyusha ule mkunjo unaoupa uzi uhai, na kitambaa kinalala bapa, kinang'aa, kinaning'inia. Hakuna maji wala mvuke unaokirudisha. Mwenzangu aliniletea kwenye mfuko huku akiomba radhi, na nilimwambia haidhuru, jambo ambalo si kweli. Mgongo haukuguswa, kwa bahati, na mikono pia. Nimefumua mabega, nimetoa vipande viwili vya mbele, navifuma upya, na safari hii nitashona ndani kilebo kidogo cha kitambaa chenye mchoro wa pasi uliopigwa alama ya X.

Angalau hiyo inarekebishika. Fulana ya sufu ya mume wangu iliingia mashine ya kufulia pamoja na mashuka, kwa maji ya moto, ikatoka saizi ya mwanasesere na nene kama zulia. Magamba yaleyale ya sufu yanayoniungia uzi ndiyo yaliyoifanya hivyo. Sufu iliyoshikana namna hiyo unaweza kuikata kwa mkasi bila kufumuka, kwa hiyo sasa ni soli za ndani za viatu vya mvua na vishikio viwili vya sufuria. Anavitumia yeye mwenyewe, tena kwa kujisifu, kwa sababu havipitishi moto.

Sweta la Baba Mdogo limebakiza mkono mmoja na ukosi. Likiisha litapanda basi la alfajiri na kondakta yuleyule. Mama Mdogo ameshapiga simu: na yeye anataka, la vifungo, lenye mifuko, rangi ya damu ya mzee, na amesema safari hii anajipima mwenyewe bila koti. Jumamosi niko Karume tangu asubuhi. Mkipita huko kabla yangu mkaona sweta la sufu la rangi hiyo, mshono wa ubavuni ni wa vitanzi na si ovaloki, mwambieni muuzaji amwekee dada wa matobo.