Kesi ya watu wengi inapokaa miaka: korti huangalia nini

Wanunuzi mia mbili wa ploti wakitapeliwa na kampuni moja, si lazima kila mmoja afungue faili lake katika korti za Milimani, Nairobi. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, Agizo la 1 kanuni ya 8, zinaruhusu mmoja au wachache kushtaki kwa niaba ya wote wenye masilahi yaleyale. Kenya haina kile kikao cha kuidhinisha kundi kinachofanyika Marekani. Kinachotakiwa ni notisi: kila mhusika apelekewe binafsi au, wakiwa wengi mno, litolewe tangazo kwa umma, kadiri korti itakavyoelekeza. Kuchelewa huanzia hapohapo. Tangazo la gazeti ni ghali, na kikundi hukaa kikingojea mchango ukamilike.

Sheria nayo haingojei mchango. Madai ya madhara, kama kujeruhiwa kwa uzembe, yana miaka 3 ya kufungua kesi, ya mkataba 6, ya kudai ardhi 12. Na kufungua kesi hakusimamishi kila kitu, ingawa wengi hudhani faili likishapata nambari limepona. Samansi, yaani wito wa korti kwa mshtakiwa, huishi miezi 12. Ikipita 24 bila ombi la kuiongeza muda, kesi inaweza kutupwa. Mwaka mmoja bila hatua yoyote, korti inaweza kuwaita mjieleze. Tangu marekebisho ya 2020, miaka miwili ya kimya inaiua kesi yenyewe. Kuna pia Agizo la 24 la kanuni hizohizo: mdai akifariki na mwaka ukapita bila ombi la kumweka mrithi wake, madai yake hufifia, yaani hukoma. Katika kundi la wazee, hili ndilo hupunguza watu kimyakimya kuliko uamuzi wowote wa jaji.

Wakili wa upande wa pili akiomba kesi itupwe kwa kukaa sana, majaji wetu bado hurudi kwenye kesi ya Ivita dhidi ya Kyumbu ya 1984, na maswali yake mawili. Je, kuchelewa ni kwa muda mrefu na hakuna udhuru? Na hata kama ndivyo, haki bado inaweza kutendeka? Swali la pili ndilo lenye uzito, na hujibiwa kwa ushahidi uliobaki. Machozi hayasaidii.

Tazameni kesi za Mau Mau kule London, za Wakenya waliodai kuteswa na serikali ya kikoloni ya Uingereza. Madhila ni ya miaka ya 1950. Oktoba 2012 jaji aliwaruhusu wazee watatu waendelee, akiona kuwa nyaraka zilizopo zinatosha kwa kesi ya haki, na Juni 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kumaliza madai ya watu 5,228. Kisha likaja kundi la zaidi ya 40,000. Mwaka 2018 korti ileile ilikataa kuwaondolea kikomo cha muda: mashahidi wamekufa, kumbukumbu zimechakaa, na hakuna karatasi ya kuthibitisha kisa cha mtu mmojammoja. Enzi ni ileile, mshtakiwa ni yuleyule. Kwa maoni yangu, ukubwa wa kundi uliwaumiza: kila jina lilikuja na pengo lake la ushahidi.

Ombi la kikatiba, la kudai haki zilizokiukwa chini ya Kifungu cha 22 cha Katiba, halina kikomo cha miaka kilichoandikwa, lakini jaji bado atauliza mlikuwa wapi. Nalo si njia ya mkato. Ombi la wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, kuhusu sumu ya madini ya risasi lilifunguliwa 2016, likaamuliwa 2020, na Mahakama ya Juu ikalimaliza Desemba 2024.

Kwa hiyo hati ya kiapo ya kueleza kuchelewa iwe na tarehe na karatasi: barua mlizoandikia masijala kuomba tarehe, risiti, vyeti vya vifo. “Wakili alilala” peke yake ni sababu dhaifu, kwa kuwa korti hutarajia mdai afuatilie kesi yake. Kila mwanachama atie saini idhini ya maandishi mwanzoni na iwekwe kortini, maana jina linaloongezwa miaka minne baadaye linaweza kupingwa kwa kikomo cha muda. Wekeni nakala zenye muhuri wa kila kilichowasilishwa. Faili la zamani likipotea masijala, hizo ndizo hutumika kulijenga upya. Na wawakilishi wawe watatu, angalau mmoja wao kijana.