Wanafunzi wasio na piano nyumbani walivyonifundisha kupiga bila kitabu

Wazazi wengi wanaoniletea watoto hapa Dar es Salaam huniuliza jambo moja: "Mwalimu, nyumbani hatuna piano, ataweza kweli?" Nawajibu ataweza, na sisemi hivyo kuwafariji. Dawa ya tatizo langu kubwa la jukwaani niliipata kwa watoto wa namna hiyo.

Tatizo lenyewe ni kumbukumbu. Tangu karne ya 19, enzi za wapiga piano mashuhuri wa Ulaya Clara Schumann na Franz Liszt, mpiga piano wa tamasha hutarajiwa kupiga bila kitabu cha nota mbele yake. Vidole hukariri upesi, lakini kumbukumbu yao ni mnyororo: kiungo kimoja kikikatika, vyote vinavyofuata vinaanguka. Nilikuwa nikipanda jukwaani na hofu hiyo kila mara.

Wanafunzi wangu wengi wametokea kwaya za kanisani. Nota za mistari mitano huwatatiza mwanzoni, ila solfa, yaani kuimba nota kwa majina do, re, mi, wanaijua barabara. Nikawapa Invention ya kwanza ya mtunzi Mjerumani Bach, mojawapo ya vipande 15 vya sauti mbili alivyoviandaa mahususi kwa kufundishia. Nakala yake safi ni ya mwaka 1723. Mkono wa kulia unaanza: do re mi fa re mi do so. Kisha wa kushoto unajibu maneno yaleyale, oktava moja chini, yaani nota zilezile kwa sauti nzito zaidi. Mwanakwaya hashangai hapo. Teno na besi hufuatana hivyo kila Jumapili.

Basi kazi ya nyumbani ikawa hii: imba sauti ya mkono wa kulia huku vidole vya kushoto vikipiga juu ya meza, halafu geuza. Meza haitoi sauti, kwa hiyo mtoto analazimika kuisikia nota kichwani kwanza. Waliporudi, niliona jambo ambalo hata wapigaji wazoefu hulitafuta kwa miaka. Wakiteleza, hawakurudi mwanzo. Walidaka sauti na kuendelea mbele.

Nikajipa kazi ileile. Siku hizi, kabla ya tamasha, nafunika piano na kuimba besi yote tangu mwanzo hadi mwisho. Mkono wa kushoto peke yake ndio unaoumbua, maana masikio yetu yamezoea kufuata wa kulia. Kisha nakigawa kipande katika vituo na kuwaomba wanafunzi wataje kituo chochote, nami nianzie hapo hapo. Wanapenda sana kunitega! Hofu imepungua mno.

Kwa hiyo wazazi, msikimbilie kununua kibodi ndogo yenye vibonyezo vyepesi. Wekeni akiba taratibu mpate yenye vibonyezo 88 vizito, ili kidole kijifunze kubonyeza kwa nguvu na kwa upole. Kwa sasa meza ya chakula inatosha, ilimradi mtoto aimbe kwa sauti na msimnyamazishe.