Mashinikizo Manne ya Clos de Vougeot

Mwishoni mwa Septemba 2016, nilipokuwa mwanafunzi mjini Dijon, nilipanda treni ya asubuhi kuelekea kusini, nikashuka katika kijiji cha Vougeot ili nilione shamba la Clos de Vougeot, ambalo watawa wa abasia ya Cîteaux walianza kulipanda mizabibu katika karne ya 12. Nimezaliwa na kulelewa na mkulima wa zabibu wa Dodoma, na tangu nifike Ufaransa sikuwa nimeugusa mzabibu hata mmoja.

Ukuta ndio uliotangulia kuonekana. Neno Clos maana yake ni mahali palipozungushiwa ugo, na ukuta ule wa mawe, uliokuwa umekamilika kufikia mwaka 1336, ungali unaizunguka mizabibu ya takriban hekta 50, karibu yote ya aina ya Pinot Noir. Nilikumbuka mfano wa Injili aliotusimulia katekista wetu, wa mtu aliyepanda mizabibu, akaizungushia ugo na kuchimba shinikizo, yaani mtambo wa kukamulia zabibu, humo humo. Hapa ugo ulikuwepo, na shinikizo nililikuta ndani.

Yalikuwa manne, katika jengo la kale lililosimama katikati ya mizabibu, jirani na kasri ambalo abate Jean Loisier alilijenga mwaka 1551. Kila moja lina boriti kubwa ya mwaloni inayoshushwa kwa parafujo ya mbao, ikibonyeza kwa uzito wake mwenyewe. Mama aliyetuongoza alieleza kwamba maji ya Pinot Noir ni meupe na kwamba wekundu wote hutoka kwenye maganda, kwa hiyo zabibu huachwa kwanza zichachuke ndani ya mapipa makubwa pamoja na maganda yake, na makapi yanayobaki ndiyo hukamuliwa. Siku hizi kila mwenye mizabibu hufanya kazi hiyo kwenye jengo lake, na mashinikizo yale yamebaki ya kutazamwa tu.

Wenzangu walipotoka, mimi nilibaki. Nilikuwa darasa la sita mwaka ule mnunuzi aliyetuahidi alipochelewa kwa siku nne. Kreti zetu zilikaa chini ya mti, mchuzi ukavuja mchangani, nyuki wakajaa, na siku ya tano baba akachimba shimo akazimwaga zabibu zote bila kusema neno. Nilikua nikiamini kwamba tulikosa soko. Siku ile Vougeot niliona kwamba tulichokosa kilikuwa shinikizo lililo karibu, kwa maana zabibu iliyokwisha kukatwa haimngoji mtu, na watawa walilijua hilo walipoamua kukamulia pale pale walipovunia.

Nje, wavunaji walikuwa wameinama kati ya mistari, wakikata mashada madogo meusi yenye punje zilizobanana. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa shamba lilitwaliwa kutoka kwa watawa na kuuzwa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 lilikuwa mikononi mwa familia ya Ouvrard, kisha mwaka 1889 likagawanywa kwa wanunuzi 15, na leo wenye sehemu humo wanakaribia 80. Wapo wanaomiliki mistari michache tu, kama majirani zetu kule nyumbani. Nasikia watu wakiusikitikia mgawanyo huo, kwa kuwa chupa mbili zenye jina lile lile huweza kutofautiana sana. Mimi niliufurahia, kwani kila mmoja wa wale 80 anajua asubuhi zabibu zake zitalala wapi usiku.

Mchana nilimpigia baba simu nikiwa nimeegemea ukuta. Baada ya shikamoo na marahaba hakuniuliza divai ina ladha gani, bali kutoka mstari wa mwisho hadi shinikizoni ni umbali gani. Nikamjibu kwamba ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa mguu. Alinyamaza kwa muda, halafu akasema, “Mwanangu, boriti hiyo, mninga hauwezi kufaa?” Nikarudi ndani kabla mlango haujafungwa, nikaipima ile boriti kwa pima za mikono, toka ncha hadi ncha.